Alibonyeza alamu ndani ya sekunde nne, na bado hakuiona

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha saruji, pwani ya Tanzania. Wiki mbili zilizopita, saa tisa na robo usiku, saikloni ya chini kabisa, lile pipa lenye umbo la koni linalopitisha unga wa moto kuelekea tanurini, iliziba. Presha ya kwenye koni ilikuwa imeanza kuelekea sifuri, alamu ikalia, na kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha opereta aliipokea, yaani alibonyeza kitufe cha kukiri ameisikia, ndani ya sekunde nne. Baada ya hapo hakufanya lolote kwa dakika 14, mpaka fundi wa nje alipopiga redio kusema mkono wa valvu ya saikloni hiyo hauchezi. Tulisimamisha tanuri kwa muda wa saa 11 nzima kuzibua. Namshukuru Mungu hakuna aliyeungua. Opereta mwenyewe ni kijana mzuri, ana miaka sita kazini, hanywi, na hakuwa amelala. Mkuu wa idara anataka apewe barua ya onyo, simu zipigwe marufuku chumbani, na zifungwe kamera za kutazama nyuso za maopereta. Mimi sina uhakika. Nifanye nini ili watu wangu wawe makini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usiku ule.

Nianzie kwenye hizo sekunde nne, maana ndizo zilizonishika. Mtu aliyelala hapokei alamu ndani ya sekunde nne. Kijana wako mkono wake ulikuwa macho kabisa, ila kichwa hakikuwapo. Umewahi kumtazama mama aliyekalia mbuzi akikuna nazi? Anaweza kukusimulia harusi nzima, nani alivaa nini na nani alinuna, na mkono haukosei hata mara moja. Mkono ukishazoea kazi hauombi ruhusa tena. Sasa nenda kwenye kompyuta, toa orodha ya alamu zote tangu zamu ile ilipoingia hadi saa tisa na robo, kisha hesabu ni ngapi zilimtaka afanye kitu. Orodha yako sijaiona, lakini nimeketi kwenye vyumba vya kontroli vya kutosha kujua zilizomo: sensa ya joto iliyokatika waya tangu mwaka jana, mlango wa chujio la vumbi, mkanda wa malighafi unaovuka mpaka na kurudi, kuvuka na kurudi. Zote alizibonyeza. Kiwanda kimemfundisha kwa miaka sita kwamba alamu ni kitu cha kubonyeza, na mwanafunzi amefaulu.

Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe ujanani. Kwenye kiwanda kimoja nilichopitia tulichomeka njiti ya kiberiti pembeni ya kitufe cha kunyamazisha kengele, kibaki kimezama. Tulitaka tu kusikilizana redioni. Bosi alipoigundua alifoka, akaitoa, na kesho yake tukachomeka nyingine.

Watu wa reli waliyapitia haya zamani. Waliweka pedali ambayo dereva asipoikanyaga, treni inafunga breki yenyewe. Tarehe 8 Februari 1986, karibu na Hinton huko Alberta, Kanada, treni ya mizigo iligongana na ya abiria na watu 23 wakafa. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba madereva walikuwa na mazoea ya kuweka kitu kizito juu ya pedali ili miguu yao ipumzike. Njiti yangu ya kiberiti hiyo. Meli nazo sasa zina kengele ya zamu kwenye chumba cha kuongozea: afisa asipogusa kitu kwa muda uliowekwa, kati ya dakika 3 na 12, inaanza kuwaka, kisha kulia, na mwisho inawaamsha wengine. Inasaidia sana dhidi ya usingizi. Dhidi ya kichwa kilichoondoka huku macho yamebaki haisaidii kitu. Basi mkuu wako wa idara akija na wazo la kitufe cha kubonyeza kila baada ya dakika 10, mwonyeshe zile sekunde nne.

Jambo hili lilianza kupimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na vijana waliokaa mbele ya rada ndani ya ndege wakitafuta manowari, na walikuwa wakizikosa. Norman Mackworth, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1948, aliwaweka watu mbele ya saa isiyo na namba, yenye mshale unaoruka hatua ndogo moja moja. Mara chache sana mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo, na kazi ilikuwa kusema tu umeona. Zamu ilikuwa ya muda wa saa mbili. Ndani ya nusu saa ya kwanza tayari walikuwa wakikosa mengi kuliko walivyoanza. Walipopewa nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika hawakushuka. Na kuna kitu kimoja ninachokipenda: simu iliyopigwa katikati ya zamu kumwambia mtu ajitahidi ilimrudisha juu, kwa muda. Sauti ya mtu ina kazi yake, nitairudia.

Aliyekulia mashamba ya mpunga hahitaji maabara kuyajua haya. Mtoto aliyewekwa juu ya dungu kuamia ndege, kweleakwelea wakija kundi kwa kundi hasinzii. Anapiga debe, anarusha teo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Siku ndege hawaji utamkuta amejikunja kama paka, na bakora haimsaidii. Kinachomweka macho ni ndege wenyewe. Saikloni yako ya chini inaziba mara ngapi kwa mwaka? Kama kiwanda kinaendeshwa vizuri, mara chache mno. Kadiri mnavyofanya kazi nzuri, ndivyo mnavyomwondolea kijana wako ndege.

Na uadimu huo una bei inayopimika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jeremy Wolfe waliwapa watu picha zilizojaa vitu vilivyorundikana, kama mizigo kwenye eksirei ya uwanja wa ndege, watafute vitu fulani. Kitu kilipokuwamo katika nusu ya picha, walikikosa asilimia 7 ya nafasi. Kilipokuwamo katika asilimia 1 tu ya picha, walikikosa asilimia 30. Macho ni yale yale, ila mtu akishaacha kutarajia, anaangalia bila kuona. Neno hilo, kutarajia, ndilo nitakalokuuzia leo. Mengine yote ninayokushauri ni njia za kumfanya opereta awe anatarajia kitu.

Kabla ya hapo nikupe kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinafanana na chumba chako kuliko ajali za ndege ambazo kila mkufunzi anazitaja.

Mwezi Juni 1995 meli ya kitalii Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu 1,509. Muda mfupi baada ya kung'oa nanga, waya wa antena ya jipiesi ulichomoka. Kifaa hakikuzima. Kilianza kukisia mahali meli ilipo kwa kutumia mwelekeo na mwendo tu, na kikaonyesha hivyo kwa herufi chache ndogo pembeni mwa skrini. Usukani wa kujiendesha ukaendelea kukiamini. Upepo na mkondo vikaisukuma meli pembeni polepole kwa saa 34, na maafisa wakapokezana zamu, kila mmoja akiandika mahali pa meli kwenye ramani kama inavyotakiwa. Walikuwa macho. Mahali hapo walipaandika kutoka kwenye kifaa kile kile. Kilikuwapo chombo cha pili cha njia tofauti kabisa, na hakuna aliyekitumia kulinganisha. Karibu na mwisho afisa wa zamu alipaswa kuona boya fulani. Hakuliona, lakini nahodha alipouliza alijibu kwamba ameliona. Usiku wa tarehe 10 meli ilipanda fungu la mchanga karibu na Nantucket, maili 17 nje ya njia yake. Hakuna aliyeumia.

Yule afisa wa boya nimemfikiria sana. Simwoni kama mwongo wa kawaida. Kifaa kilishamwambia boya lipo hapo, na yeye akaliona kwa kifaa. Rejista iliyojazwa kwa uaminifu kila saa haikumwamsha mtu, kwa sababu kunakili hakuhitaji kichwa.

Tuje kwako. Anza na alamu, na usifanye lingine kabla ya hilo, maana kumtaka mtu awe makini katikati ya kelele ni kumwonea. Tarehe 24 Julai 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven huko Wales, maopereta wawili walipata alamu 275 katika dakika zisizofika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Mwongozo wa alamu uliotoka Uingereza baadaye, unaotumiwa sana viwandani, unataka wastani katika hali ya kawaida usizidi alamu moja kila dakika 10. Toa orodha ya mwezi mzima, chukua kumi zinazolia kuliko zote, na kwa kila moja waulize maopereta wenyewe: hii ikilia mnafanya nini? Wakitazamana, hiyo haina haki ya kuitwa alamu. Ipeleke kwenye kumbukumbu ikae kimya. Sensa mbovu irekebishwe wiki hii, isisubiri matengenezo makubwa ya mwaka.

Kisha ipe saikloni sauti yake. Presha ya koni kuelekea sifuri huku ulishaji wa unga tanurini unaendelea haifanani na mlango wa chujio, kwa hiyo wala isisikike hivyo. Kaa na mhandisi wa mchakato muangalie kama ulishaji unaweza kukatika wenyewe dalili hizo mbili zikikutana kwa sekunde mtakazokubaliana. Chukulia tanuri lako linalishwa tani 200 kwa saa: dakika 14 ni karibu tani 47 za unga wa moto usio na pa kwenda, na wewe unajua unga ule ukifunguliwa vibaya unatiririka kama maji na unavyomfanya mtu. Kusubiri tukio la mara mbili kwa mwaka ni kazi ya mashine. Binadamu mwachie panapohitaji akili.

Akili hiyo sasa ipe chakula. Najua rejista ya kila saa mnayo. Najua pia inavyojazwa saa kumi na moja alfajiri, mistari sita kwa mpigo, kalamu moja na mwandiko mmoja. Ipunguze. Chagua vipimo vinne tu, na opereta aandike, kabla ya kusoma, anatarajia nini saa ijayo na kwa nini. Kwa mfano: oksijeni ya nyuma ya tanuri itashuka kidogo, nimeongeza makaa. Saa ikifika anasoma na kulinganisha. Akipatia, anajisikia fundi. Akikosea, usingizi wote unamtoka, kwa sababu sasa tanuri limempinga yeye binafsi. Niliwahi kuona mzee mmoja wa tanuri akiweka dau la soda na mwenzake kila saa juu ya joto la ukanda wa kuchomea. Uongozi uliwakataza. Mimi ningewalipia soda.

Kipimo kimoja kati ya hivyo vinne kisitoke kwenye skrini kabisa. Kilichowaokoa usiku ule ni jicho la fundi wa nje: mkono wenye uzani wa ile valvu ya ulimi huchezacheza malighafi zinapopita, ukitulia tuli kuna jambo. Hiyo ndiyo njia ya pili ambayo Royal Majesty walikuwa nayo na hawakuitumia. Fundi apige redio kila saa aseme alichoona kwa macho yake, na opereta ndiye amuulize, kwa jina la kifaa. Hapo umepata vitu viwili, ushahidi wa pembeni, na ile sauti ya mtu niliyokuambia inamrudisha aliyechoka.

Kubadilishana viti kila nusu saa kama maabarani haiwezekani kwenye tanuri, linalosomwa kwa mtiririko. Watu wa tanuri watakununia, na watakuwa na haki. Saa mbili zinatosha: wa tanuri aende kwenye vinu, wa vinu aje kwenye tanuri, na anayeondoka amsimulie mwenzake tanuri linafanya nini na yeye analishuku kwa lipi. Kusimulia ndiyo dawa yenyewe, kiti ni kisingizio.

Kwa zile alamu chache zitakazobaki za daraja la juu, kopa kwa Wajapani. Madereva wao wa treni hunyoosha kidole kwenye taa na kuitaja kwa sauti. Taasisi ya utafiti wa reli ya huko ilipopima kazi rahisi mwaka 1994, makosa yalikuwa 2.38 kwa kila vitendo 100 bila hayo, na 0.38 kwa kidole na sauti pamoja. Wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi New York nao tangu 1996 hunyooshea ubao wa mistari kila kituo. Kwako iwe hivi: alamu ya daraja la kwanza haipokelewi kabla opereta hajaelekeza kidole kwenye namba na kusema, "Koni ya chini, presha inaelekea sifuri, nakata ulishaji." Wiki ya kwanza vijana watacheka na kuigizana. Waache wacheke. Ule mkono wa sekunde nne hauwezi kufanya haya peke yake, lazima uite kichwa. Usiipanue lakini kwa alamu zote, itageuka wimbo.

Viwanja vya ndege wana ujanja mwingine: kompyuta huchomeka picha ya bunduki isiyokuwapo kwenye mzigo wa abiria, mkaguzi akiigundua anaambiwa papo hapo ilikuwa ya majaribio. Wanamletea wale ndege wa mpunga. Huko Ulaya, juu ya hilo, mkaguzi kwa kawaida hapaswi kutazama picha mfululizo zaidi ya dakika 20. Wewe waweza kupanga na fundi wa vyombo aingize ishara ya majaribio kwenye kiashiria kimoja, siku isiyojulikana, penye kibali cha maandishi na pasipogusa mfumo wowote wa kujizima kwa usalama. Matokeo yawe ya chumba, yasiwe ya mtu. Siku utakapomwadhibu mmoja kwa ishara ya majaribio, wote wataanza kuwinda majaribio yako na kuliacha tanuri.

Kuhusu saa tisa usiku: mwili unashuka chini kabisa kati ya saa nane na kumi na moja, na kwa barua ya onyo haupandi. Ajali ya nyuklia ya Three Mile Island ilianza saa kumi alfajiri. Taa za chumba ziwe kali, hata kama wanazipenda hafifu. Mlo mzito wa saa sita usiku, ule ugali wa kushindilia, usogezwe mapema, kahawa ije kabla ya saa tisa. Na usingizi wa dakika 20 uliopangwa, mwenzake akishika kiti, ninauunga mkono waziwazi. NASA waliwajaribu marubani wa safari ndefu kwa nafasi ya dakika 40, wakalala wastani wa dakika 26, na waliamka wakifanya kazi vizuri kuliko wasiopewa nafasi hiyo. Akiamka asiguse tanuri kwa robo saa ya kwanza, kichwa kinakuwa bado kizito. Meneja akisikia neno kulala anaona uvivu; mwambie usingizi huo tayari anaulipia kila usiku, tofauti ni kwamba hajui saa ngapi.

Simu? Hapo mkuu wako ana nusu ya haki. Oktoba 2009 marubani wawili wa Marekani walizama kwenye kompyuta zao za mkononi wakapita mji wa Minneapolis walikotakiwa kutua, zaidi ya kilomita 200 mbele, huku waongozaji wa safari za anga wakiwaita kwa zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo ndiyo, wakati wa kuwasha tanuri, wakati wa misukosuko, na kwa aliyeshika kiti cha tanuri, simu ikae kwenye sanduku. Lakini ukimnyang'anya simu mtu asiye na cha kufanya, atatazama ukuta, na ukuta haupigi redio. Mpe kwanza kile cha kutarajia.

Kamera zinanichekesha. Zitafundisha watu kukaa wima, na kijana wako alikuwa amekaa wima. Halafu nani atazitazama? Mtu mwingine, usiku kucha, mbele ya skrini ambayo hakuna kinachotokea.

Barua ya onyo ombea ahirisho. Muite kijana, bila ya mkuu wa idara, umuulize alikuwa anategemea kuona nini saa tisa na robo, umsikilize mpaka mwisho. Kisha mpe kazi ya kuongoza ule usafi wa alamu kumi, maana hakuna anayezijua kuliko aliyezibonyeza. Kama ni lazima karatasi iingie kwenye faili lake, iwe ile orodha ya alamu za usiku ule, na idadi yake iandikwe juu kwa kalamu nyekundu.